Kiwanda chetu kinahamia Meksiko, na fomu ya TAA tunauziwa dola 250

Shikamoo Mama,

Naandika kutoka Iowa. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, lakini nimekulia Nyarugusu, Kigoma, kambini, na ndiko nilikoolewa na kuzaa watoto wangu wawili wa kwanza. Wengine wawili wamezaliwa huku Marekani. Nina miaka 43. Mimi na mume wangu tumeshaapa uraia.

Tangu tufike tunafanya kazi kiwanda kimoja, mimi shifti ya asubuhi, yeye ya jioni, ili nyumba isikose mtu. Tunafunga nyaya zinazoingia kwenye magari. Unasimama mbele ya ubao mkubwa wenye vigingi, unapitisha waya mmoja mmoja kwa rangi yake, mwekundu huku, wa kijani kule, halafu unazungushia tepu nyeusi mpaka fungu lote linashikana. Nimeizoea kazi ile kiasi kwamba siangalii tena karatasi.

Mwezi wa nne walikuja wageni watatu kutoka kiwanda cha kampuni hiyo hiyo kilichoko Meksiko. Supavaiza akaniambia nifanye taratibu ili waone. Mmoja akashika simu juu ya mikono yangu akarekodi, na nilipofika kwenye kona ngumu akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikamwonyesha na jinsi ya kuubana waya kwa kidole gumba usirudi nyuma wakati unafunga tepu. Nilijisikia vizuri, Mama, kwamba wameniona najua kazi. Mwisho wa mwezi wa sita tukaitwa kantini wote. Kiwanda kinafungwa mwisho wa Agosti, laini zote zinahamia kule. Kila mtu akapewa bahasha.

Ndani kuna barua mbili, amenisomea mwanangu wa miaka 14. Ya kwanza inasema tumepewa taarifa ya siku 60. Ya pili ni mkataba: ukisaini utalipwa kiinua mgongo cha mshahara wa wiki sita, na wewe unaahidi hutaishtaki kampuni kwa lolote. Mtu wa HR, ofisi ya wafanyakazi, anataka saini Ijumaa hii.

Sasa Wamarekani wazee pale kazini wanasema serikali ina mpango unaitwa TAA, kwamba kiwanda kikihamia nje unalipwa kama miaka miwili na kusomeshwa bure. Mmoja anasema dada yake alisomea unesi kwa pesa hiyo. Basi kuna ndugu mmoja tunayesali naye anachukua dola 250 kwa kila mtu awajazie fomu ya TAA. Anataka pia namba ya Social Security, ile namba ya mtu ya serikali, na picha ya leseni. Mume wangu ameshampa namba yake. Pesa bado.

Mume wangu anasema tusingoje Agosti. Ana rafiki zake Nebraska kwenye kiwanda cha nyama, wanaajiri hata kesho. Mimi nimechoka kuhama. Watoto wameshazoea shule. Ningependa nisome, nifanye kazi hospitali, ila Kiingereza changu ni cha kiwandani na sekondari sikumaliza. Na mama yangu bado yuko Nyarugusu, kila mwezi namtumia kidogo. Usiku hatulali, tunabishana. Niambie, Mama: hiyo TAA ipo? Nisaini? Twende Nebraska?

Mama wa watoto wanne, Iowa

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na pesa, maana hiyo haingoji. Msimpe yule ndugu dola 250. Wenzako wa kazini hawakudanganyi, TAA ilikuwepo na watu wengi walisoma kwayo. Lakini sheria iliyokuwa inaubeba mpango huo ilifika kikomo, na tangu tarehe 1 Julai 2022 Wizara ya Kazi ya Marekani haipokei maombi mapya wala haitoi uamuzi juu ya yale yaliyokuwa yanasubiri. Waliobaki ndani ni wale ambao kiwanda chao kilikuwa kimeshaidhinishwa na wao wenyewe wakawa wameguswa kabla ya tarehe hiyo. Mpaka ninapoandika jibu hili, Kongresi haijaufungua tena. Hakuna fomu ambayo mtu yeyote, awe mwanasheria au mzee wa kanisa, anaweza kuwajazia leo ikawaingiza humo. Hata ulipokuwa wazi, ulikuwa bure. Wafanyakazi wachache wa kiwanda kimoja walisaini ombi, au chama chao, au mwajiri mwenyewe, au ofisi ya jimbo, na likikubaliwa ombi hilo moja kila aliyepoteza kazi pale alikuwa na haki ya kujiandikisha. Anayewatoza mtu mmoja mmoja kwa ajili ya TAA ama hajui anachokifanya, ama anawaibia.

Najua habari hiyo inauma, kwa hiyo ni haki yako ujue kilichopotea. Mpango ulianza 1962, wakati wa Rais John F. Kennedy, ndani ya sheria ya kupanua biashara na nchi za nje. Hoja yake ilikuwa ya haki kabisa: kama taifa zima linafaidi bidhaa nafuu kutoka nje, basi taifa zima limshike mkono yule ambaye unafuu huo umemnyang'anya kazi. Mwanzoni masharti yalikaza mno, hadi 1969 hakuna kundi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Sheria ya 1974 ikayalegeza, na kuanzia hapo ukawa tegemeo la miji mingi ya viwanda. Maytag walipofunga kiwanda chao cha friji Galesburg, Illinois, mwaka 2004 na kazi ikaenda Reynosa, Meksiko, watu wa pale waliingia darasani kwa mpango huu. Chini ya sheria ya 2015, ulilipa ada, vitabu na nauli ya chuo. Ulilipia madarasa ya Kiingereza na ya kumalizia sekondari. Bima ya kukosa kazi ikiisha, uliendelea kukupa pesa ya kila wiki ukiwa masomoni, na ukijumlisha yote unafika hata wiki 130. Mwenye miaka 50 na zaidi akipata kazi yenye mshahara mdogo kuliko wa zamani alifidiwa nusu ya tofauti, hadi dola 10,000 katika miaka miwili.

Mtu wa hali yako hasa ndiye aliyekusudiwa. Viwanda havijaacha kuhama, mlango ndio umefungwa, na mimi nasema wazi kwamba hiyo ni dhuluma. Ninyi ni raia sasa. Mbunge wenu wa Kongresi na maseneta wawili wa Iowa wana ofisi zao hapo jimboni, na mpiga kura akipiga simu hupokewa. Waambieni jina la mji wenu, tarehe ya kufungwa kiwanda, na kwamba mnataka TAA irudishwe. Mkalimani wa Kiswahili mnaweza kumwomba.

Kinachonitisha zaidi kuliko zile dola ni namba ya mumeo. Mwenye namba ya Social Security, tarehe ya kuzaliwa na picha ya leseni anaweza kufungua dai la bima ya kukosa kazi kwa jina la mumeo, au kuchukua mkopo. Wizi wa aina hiyo uliwapata watu wengi sana wakati wa korona. Sisemi huyo ndugu ni mwizi. Nasema mumeo aziombe karatasi zake leo, na kesho afunge rekodi yake ya mikopo kwenye kampuni tatu zinazozitunza: Equifax, Experian na TransUnion. Kuifunga na kuifungua ni bure kwa sheria ya nchi nzima tangu 2018. Wewe picha ya leseni usimpe. Na wenzenu wa kanisani waambieni mapema, bila kumtukana mtu. Waonyesheni tu kwamba mpango umefungwa tangu 2022.

Sasa mkataba. Usisaini Ijumaa. Umesema una miaka 43, na hilo lina uzito kuliko unavyodhani. Sheria ya nchi inasema mfanyakazi mwenye miaka 40 na zaidi, akiwekewa mbele karatasi ya kuachia haki yake ya kudai ubaguzi wa umri, na ikiwa wanaoondolewa ni kundi, lazima apewe angalau siku 45 za kuifikiria na siku 7 za kubadili mawazo baada ya kusaini. Lazima pia aandikiwe kwamba anashauriwa kuona mwanasheria, na apewe orodha ya kazi na umri wa waliomo katika mpango huo na wasiomo. Isome tena ile karatasi, au akusomee mtu mzima anayejua Kiingereza vizuri, mtafute namba 45 na namba 7. Kama hazimo, mwandikie HR ujumbe mfupi tu: naomba siku zangu 45 kwa mujibu wa sheria. Uandike, usiseme kwa mdomo, na ubaki na nakala. Kuna Iowa Legal Aid, wanasheria wanaohudumia watu wa kipato kidogo bila malipo. Piga simu wiki hii uulize kama mnafaa.

Sikwambii ukatae hizo wiki sita. Sheria ya nchi hailazimishi kampuni kutoa kiinua mgongo, kwa hiyo kinachotolewa ni cha kupokea ukishajua unachotoa. Uliza mambo mawili kabla ya saini: ni lazima mtu abaki mpaka siku ya mwisho ndipo alipwe? Na siku za likizo ulizolimbikiza zinalipwa kando au zimeingizwa humo humo? Mshahara wa kazi uliyokwisha kufanya ni wako, usaini usisaini. Bima ya kukosa kazi vilevile. Hakuna mkataba wa mwajiri unaoweza kukunyang'anya.

Kuhusu siku 60: hiyo ni sheria ya taarifa, inaitwa WARN, inayowabana waajiri wenye wafanyakazi 100 na zaidi. Iowa ina yake ya siku 30 kwa kampuni ndogo, kuanzia wafanyakazi 25. Kampuni yenu inaonekana imefuata. Angalia tu tarehe ya barua na tarehe ya mwisho ya kazi yako wewe binafsi. Wakikusimamisha kabla siku hazijatimia bila kukulipa, mwambie yule mwanasheria.

Hapo ndipo nasema na mumeo. Baba, najua unachokiona: watoto wanne, kodi ya nyumba, na Agosti inakuja mbio. Mwanamume anayekimbilia kazi kabla njaa haijaingia ndani hatukanwi. Lakini ukiacha kazi mwenyewe leo, umeondoka kwa hiari, na aliyeondoka kwa hiari anajiweka pabaya: bima ya kukosa kazi inaweza kukataliwa, na hizo wiki sita zinaweza kupotea. Ngoja siku yao ya mwisho ndiyo iwe siku yako ya mwisho. Kiwanda cha nyama kinachoajiri kesho kitaajiri na Septemba. Kazi zile watu huziacha kila wiki kwa sababu ya baridi na maumivu ya mikono. Ukitaka, nenda wikendi ukaone nyumba zinapangishwaje huko na shule ziko vipi, urudi kazini Jumatatu.

Bima yenyewe, ile watu wetu wanayoiita anemployimenti, kila mmoja wenu aandikishe dai lake, kwenye ofisi ya ajira ya jimbo, Iowa Workforce Development, au mtandaoni, wiki ile ile kazi inapokatika. Dai huhesabiwa tangu wiki uliyoandikisha. Ukikaa nyumbani wiki tatu kabla ya kujiandikisha, hizo tatu zimekwenda. Na hapa kuna kitu wengi wamekikosa kwa kutokujua. Iowa ilipunguza malipo mwaka 2022: mtu wa kawaida hupata kwa wiki 16 tu, zamani zilikuwa 26. Lakini kama mwajiri amefunga kabisa mahali ulipokuwa unafanya kazi, unaweza kufika wiki 26. Kwa hiyo ukijaza sababu ya kuacha kazi, hakikisha inaonekana kwamba kiwanda kimefungwa, usichague tu kwamba umepunguzwa, na ile barua ya siku 60 iweke mahali salama kwa ushahidi. Ukiulizwa kuhusu kiinua mgongo na pesa ya likizo, taja kila senti. Wakija kugundua baadaye watakudai warudishiwe, na juu yake faini. Pesa ya bima hiyo inatozwa kodi, kwa hiyo waombe wakate asilimia 10 ya kodi ya serikali kuu mapema, msije mkashtuka Aprili. Na kila wiki lazima udai upya na uonyeshe unatafuta kazi. Iowa inataka shughuli nne kwa wiki, tatu kati yake ziwe maombi ya kazi. Weka daftari: tarehe, kampuni, uliomba kazi gani, kwa njia gani.

Mwanao wa miaka 14 mwache na masomo yake. Mtoto hapaswi kubeba barua ya kufukuzwa kazi kwa wazazi wake akiitafsiri mstari kwa mstari huku anawaangalia usoni. Ofisi zinazopokea pesa ya serikali kuu, na hiyo ya ajira ni mojawapo, zinawajibika kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kukupatia mkalimani bila malipo. Ukifika kaunta au ukipiga simu, sema maneno mawili tu, "Swahili interpreter", kisha nyamaza usubiri. Wakisema njoo na mtu wako, rudia. Wakikuletea mtu wa Kiswahili cha mbali usichokielewa vizuri, sema hivyo pia, usitikise kichwa kwa adabu ukaondoka na nusu ya habari.

Shule sasa, maana hapo ndipo moyo wako ulipo. TAA imekwenda, lakini kuna sheria nyingine ya 2014, WIOA, yenye fungu la watu waliopoteza kazi kwa kiwanda kufungwa. Ofisi zake huko kwenu zinaitwa IowaWORKS. Si nono kama TAA. Hailipi mshahara wa wiki ukiwa darasani, na kulipiwa chuo kunategemea fungu lililobaki na kozi iliyo kwenye orodha yao. Ila ipo, na inafanya kazi. Kiwanda kikifungwa, timu ya jimbo kawaida huja pale pale kiwandani kueleza huduma hizo. Ulizeni HR wanakuja lini, na wapelekewe taarifa kwamba wafanyakazi wengi wanasema Kiswahili. Ukikaa na mshauri wa IowaWORKS, tamka kwamba wewe ni mfanyakazi aliyeondolewa na kiwanda kilichofungwa, umwonyeshe barua. Muulize pia kama kozi yako inaweza kuidhinishwa kama mafunzo rasmi, kwa sababu mwenye mafunzo yaliyoidhinishwa haendelei kudaiwa maombi ya kazi kila wiki wakati anasoma. Usilipe ada yoyote wala usianze kozi kabla hujaongea naye. Aliyeanza kwanza akaomba baadaye mara nyingi hujikuta amejilipia.

Ninyi watu wa Iowa mna bahati ya vyuo vya jamii vizuri, kama Kirkwood pale Cedar Rapids, ambako madarasa ya Kiingereza ya watu wazima na ya kutafuta cheti cha sekondari yapo. Jimbo lina pia msaada unaoitwa Last-Dollar Scholarship, unaoziba ada iliyobaki kwa kozi za kazi zinazotafutwa sana. Nenda sasa hivi, Julai hii, ukapimwe Kiingereza, wakati bado una mshahara.

Na nikwambie kweli kuhusu hospitali. Kozi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, ni fupi, sheria ya nchi inataka saa 75 tu kwa uchache, na dada zetu wengi wameipita. Lakini mshahara wa CNA sehemu nyingi hauzidi wa fundi mzoefu wa kiwandani, wakati mwingine uko chini, na mgongo unauma kwa kuinua wagonjwa. Ukiifanya, ifanye kwa nia ya kuendelea, uangalie kama nyumba ya wazee utakayofanyia kazi itakulipia masomo ya unesi baadaye. Kabla ya kuamua, muulize mshauri ufundi wa kutunza mashine au umeme wa viwandani unalipa kiasi gani pale mjini. Mtu anayesoma mchoro wa nyaya kwa macho na kufunga fungu zima bila kuangalia karatasi ana kipaji ambacho waajiri wengine wanakitafuta. Usikitupe kwa sababu tu kampuni moja imekihamisha.

Kwa hiyo Nebraska? Maoni yangu ni haya. Bakini wote mpaka Agosti. Dai lako na dai lake yaingie. Halafu mmoja achukue kazi ya karibu haraka, mwingine asome, na kwa sasa anayesoma awe wewe, kwa sababu wewe umeshajua unachokitaka. Kama mpaka Desemba mumeo hajapata kitu kinacholisha nyumba, mjadili Nebraska mkiwa na namba mkononi: kodi, shule, kipato cha wote wawili. Dai la Iowa huliachi mpakani, unaweza kuendelea kulidai ukiwa jimbo jingine mradi unatafuta kazi huko. Na mbishane mchana. Mkiwa mmechoka saa sita ya usiku kila neno huwa kubwa.

Bima ya afya: uliza inakatika siku gani hasa. Sheria inayoitwa COBRA itakuruhusu kubaki na ile ya kiwanda hadi miezi 18, lakini unalipa wewe bei yote na asilimia 2 juu yake, wachache wanaimudu. Soko la bima la serikali linakupa siku 60 tangu bima ya kazi ikatike, na kipato kikishuka watoto wanaweza kuingia Medicaid au Hawki, bima za serikali za wenye kipato kidogo. Omba na SNAP, msaada wa serikali wa chakula, bila aibu, mmekatwa kodi miaka yote hiyo. Wasomaji wengine mlio wakimbizi na bado hamjapata grini kadi, ulizeni kwanza, kwa sababu sheria ya Julai 2025 iliwaondoa wengi wenu kwenye SNAP. Aliyekwisha kupata grini kadi au uraia hakuguswa na kifungu hicho.

Ile akiba ya uzeeni, 401(k), mkiwa nayo, msiivunje. Kabla ya kutimiza miaka 59 na nusu unakatwa asilimia 10 kama adhabu na kodi juu yake. Mkitaka kuihamisha, iende moja kwa moja kutoka taasisi hadi taasisi. Wakiandika cheki kwa jina lako watakata asilimia 20 kwanza, na una siku 60 tu za kuirudisha yote mahali pake.

Mama yako Nyarugusu mwambie sasa, kwa simu, kabla pesa haijapungua. Mpe kiasi ambacho mtakimudu hata mwezi mbaya, hata kama ni nusu. Wazazi wetu wa kambini wamevumilia mgao wa chakula kukatwa mara ngapi. Habari ya kweli ataibeba vizuri kuliko ukimya wa mwezi mzima.

Na yule aliyekurekodi mikono, usijilaumu kwa kumfundisha. Uamuzi ulikuwa umeshafanywa na watu ambao hamkuwahi kuwaona, wewe na yeye. Naye ni mfanyakazi, na kesho mbele ya ule ubao atasimama mtu anayelipwa sehemu ndogo ya ulicholipwa wewe.

Jambo la mwisho. Mkishaandikisha madai, kila bahasha ya Iowa Workforce Development ifunguliwe siku ile ile inapofika. Ikiwa ni ya kukataa, mna siku 10 tu za kukata rufaa tangu tarehe iliyoandikwa juu yake, na rufaa yenyewe ni barua fupi inayosema sikubali, naomba nisikilizwe, naomba mkalimani wa Kiswahili. Endeleeni kudai kila wiki wakati rufaa inasubiri. Mkishinda, zinalipwa wiki zile tu mlizodai.